TUJIFUNZE KUANDIKA: "MDUDU MBAYA" NI MDUDU GANI?



Somo letu la leo ni juu ya maneno ya sifa. Haya ni maneno yanayoeleza kitu kilivyo. Kwa mfano: mbuzi mweusi, njia nyembamba, mahindi makavu. Katika sarufi huitwa vivumishi.

Labda utauliza, "Mimi mkulima, vivumishi vya nini?" Sikiliza habari hii.

Katika darasa letu moja la kisomo, Wilaya ya Songea, alikuwepo mama mmoja hodari wa kuandika. Siku moja aliona mahindi yake ghalani yanatobolewa. Akamwandikia bwana shamba, aliyekuwa anakaa mbali, barua hii:

"Bwana Shamba, salaam. Mahindi yangu yameingiwa na mdudu mbaya sana. Ni mdogo na ni mharibifu. Naomba dawa."

Kabla ya kuituma alinionyesha. Nikaisoma, nikamwambia, "Barua nzuri, mama." Kumbe kosa langu lilianzia hapo.

Bwana shamba aliposoma "mdudu mdogo" alidhani ni fukusi, maana fukusi tunawajua siku zote. Akapeleka dawa ya fukusi. Mama akaitia. Baada ya wiki chache alipofungua ghala alikuta unga umejaa chini, na mahindi mengi yamebaki maganda matupu. Mdudu hakuwa fukusi. Alikuwa dumuzi.

MANENO YALIYOTUPONZA

Tuyatazame maneno matatu ya barua ile.

Mbaya. Neno hili linaeleza uchungu wa mama. Halielezi mdudu. Nyoka ni mbaya, panya ni mbaya, mchwa ni mbaya.

Mdogo. Mdogo kama nini? Kama siafu? Kama chawa? Kama punje ya mtama?

Mharibifu. Ni kweli, lakini hata fukusi ni mharibifu.

Basi shika kipimo hiki. Ukiandika neno la sifa, jiulize: "Je, neno hili laweza kueleza kitu kingine pia?" Kama laweza, bado halijatosha. Ongeza jingine.

BARUA YA PILI

Tulikaa chini na mama yule, tukamweka mdudu juu ya karatasi nyeupe, tukamtazama. Kisha mama akaandika:

"Bwana Shamba, salaam. Mahindi yangu bado hayajapukuchuliwa. Wameingia wadudu wembamba, wa mviringo kama kipande cha kijiti, wafupi kuliko punje ya mchele. Rangi yao ni kahawia iliyokoza. Kichwa kimeinama chini ya kifua, ukiwatazama kutoka juu hukioni. Nyuma ni butu, kama kijiti kilichokatwa kwa panga. Hawana pua ndefu. Wanaacha unga mwingi, mkavu, laini."

Bwana shamba alijua mara moja. Fukusi ana pua ndefu iliyochongoka. Dumuzi hana. Tena dumuzi huacha unga mwingi zaidi. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu dawa inayoua fukusi vizuri yaweza kumwacha dumuzi akiwa hai. Alimwagiza mama apukuchue mahindi yaliyosalia, asafishe ghala, kisha achanganye mahindi na dawa inayomfaa dumuzi. Mahindi yaliyosalia yakapona. Yaliyokwisha kuwa unga hayakurudi.

Dumuzi si mdudu wa asili ya kwetu. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana nchini mwetu mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hula mahindi na makopa, na hutoboa hata miti ya ghala. Wakulima walimpa jina la Scania, yaani lile lori kubwa.

RANGI NAZO

Watu wengine husema Kiswahili hakina rangi nyingi. Si kweli. Maneno ya rangi yanayobadilika kufuata jina ni matatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema mtu mweupe, kitambaa cheupe, maji meupe. Rangi nyingine tumezipata kwa kutazama vitu vyetu. Kijivu ni rangi ya jivu. Kijani ni rangi ya majani. Kahawia ni rangi ya kahawa iliyokaangwa. Tena tunayo maji ya kunde, damu ya mzee na rangi ya chungwa.

Kwa hiyo ukikosa neno la sifa, usiogope. Tafuta kitu anachokijua msomaji wako, useme "kama" au "rangi ya". Maneno "-enye" na "-liyo" nayo yanasaidia: ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika, jembe lililolika upande mmoja.

Lakini usirundike maneno. "Mbaya sana sana kabisa" ni maneno manne, na bado msomaji haoni kitu. "Butu" ni neno moja tu, naye anaona.

MAZOEZI

1. Soma sentensi hii: "Mbuzi wangu mzuri amepotea." Iandike upya ili mtu wa kijiji cha pili akimwona mbuzi huyo amtambue. Taja rangi, pembe, masikio na alama yoyote aliyo nayo.

2. Eleza jani la muhindi lenye ugonjwa bila kutumia neno "baya".

3. Mpe jirani asome maelezo yako bila kumwambia ni kitu gani. Akikitaja sawasawa, umefaulu. Akikosea, usimlaumu yeye. Rudi ukakitazame kitu chenyewe tena.

Mama yule sasa akiniletea barua, siku hizi sisemi tena "nzuri." Namuuliza, "Mama, asiyekiona kitu hiki atakijua?"