Amri ya Saba: Kucheza Fedha

Swali: Je, kila mchezo wa bahati ni dhambi?
Jibu: La. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2413, yafundisha kwamba mchezo wenyewe si kinyume cha haki. Huwa mbaya unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale anaowalisha. Tena yaonya kwamba tamaa ya kamari yaweza kumtia mtu utumwani.

Mfano: Watu wanne wa Buleusa wacheza karata siku ya soko. Kila mmoja aweka faranga 1,000; jumla 4,000. Mchezo haukuzaa hata punje moja ya mahindi: faida ya mmoja imetoka katika nyumba tatu. Katika kamari ya mpira, kampuni hujiwekea fungu lake; hivyo wachezaji wote pamoja hupungukiwa.

Swali: Aliyenaswa afanyeje?
Jibu: Asicheze tena ili arudishe kilichopotea, maana ndivyo deni huzaa deni. Fedha ya mavuno amkabidhi mkewe kabla hajapita penye karata. Naye jirani asimkopeshe fedha ya kuchezea, wala asimcheke; bali amwalike kwake saa ile ya mchezo.