Dondoo Muhimu: Kipimo cha Tairi katika Gari Dogo

Mwenye gari dogo akusudiaye kubadili matairi hana budi kwanza kutazama kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, maana hapo ndipo kilipoandikwa kipimo alichokiridhia mtengenezaji.

• Zifahamu tarakimu. Katika 165/70R14, kipimo kilichozoeleka kwa Toyota Vitz, 165 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

• Tahadhari na tairi kubwa. Ukilivika gari hilo 185/70R14, kipenyo huongezeka kutoka milimita 587 hadi 615, takriban asilimia 5. Basi injini, ambayo nguvu zake ni haba tangu asili, hulemewa wakati wa kuondoka na kupanda mlima, na breki nazo huzidishiwa kazi.

• Saa ya mwendo hupotosha. Iliyokuwa ikisema kweli, sasa ikionyesha 80, gari lakimbia karibu 84.

• Upana una gharama. Tairi pana aghalabu hula petroli zaidi, na usukani ukikatwa hadi mwisho huenda likakwaruza bodi.

• Ukipenda rimu ya 15, punguza ubavu. 175/60R15 ina kipenyo cha milimita 591, karibu sawa na cha asili.

• Usichanganye vipimo katika ekseli moja, wala usinunue tairi lenye uwezo wa mzigo uliopungua ule wa awali, kwani usalama wa abiria watangulia umaridadi.