Kalibu, Chumvi na Dhahabu ya Sardis

Aghalabu mwandishi wa Kiswahili anapotaka kumsawiri mhusika aliyepevuka kutokana na mateso, humlinganisha na dhahabu iliyopita motoni. Taswira hii imezoeleka mno hata ni nadra kuulizwa: je, moto peke yake huweza kuitakasa dhahabu? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kurejelea Sardis, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Lydia, katika eneo ambalo leo ni magharibi mwa Uturuki.

Mchanga wa mto Pactolus ulikuwa na dhahabu, lakini dhahabu iliyochanganyika na fedha. Sarafu za awali za Lydia zilifuliwa kwa mchanganyiko huo, na jicho la mnunuzi halikuweza kung'amua ni kiasi gani cha dhahabu kilichokuwamo. Mfalme Croesus, aliyetawala katika karne ya 6 K.K., ndiye anayehusishwa na sarafu za dhahabu tupu na za fedha tupu.

Kuzitenganisha hakukuwa rahisi. Fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 na dhahabu 1064, ila zikiwekwa pamoja katika kalibu huyeyuka pamoja na kuganda pamoja. Moto huweza kuunguza risasi. Fedha haiungui hivyo.

Siri ilikuwa chumvi. Mabaki yaliyofukuliwa Sardis katika miaka ya 1960 yanaonyesha kuwa mafundi walitia vipande vyembamba vya dhahabu na chumvi ndani ya vyungu vya udongo, wakavipasha moto kwa muda mrefu. Moto huo ulidhibitiwa usije ukaiyeyusha dhahabu (ustadi wa kustaajabisha, kwani kipimajoto hakikuwapo!). Mvuke wa chumvi uliishambulia fedha na kuipenyeza katika udongo, dhahabu ikabaki. Wala fedha haikupotea: iliyeyushwa pamoja na risasi, kisha risasi ikaunguzwa kwa moto wenye hewa nyingi na kufyonzwa na udongo wa tanuri.

Hapa ndipo istilahi inapotatiza. Kalibu, neno lenye asili ya Kiarabu, hutumiwa kwa chombo cha kuyeyushia madini na pia kwa kile cha kusubia. Chungu cha Sardis hakikuyeyusha wala hakikusubu. Kukiita kalibu ni kuificha kazi yake. "Chungu cha kutakasia" lingekuwa jina aminifu zaidi, ingawa halina mvuto wa kishairi.