Ni Nani Anayekuuliza Maoni Yako?

Mteja wa shirika la hisani anastahili kusema kweli bila hofu. Kwa hiyo, anayekusanya maoni asiwe yule yule anayetoa huduma. Mama hawezi kumlaumu muuguzi usoni ilhali kesho atamrudia na mtoto mgonjwa. Shirika makini humteua mtumishi wa idara nyingine, anayeijua lugha ya wateja, msikivu, mtunza siri, na mwenye idhini ya kufikisha malalamiko kwa wakuu moja kwa moja.

Kabla ya kujibu, uliza: Je, unahusika na huduma hii? Jina langu litaandikwa? Majibu yatasomwa na nani? Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa matumizi ya taarifa zako binafsi. Usiporidhika, kataa kwa adabu.