Pishi Mbili: Darsa juu ya Ghushi ya Wenye Viwanda vya Magari

Kila aliyekulia katika miji yetu ya pwani amepata kusikia khabari za muuzaji mwenye pishi mbili. Moja ni kamili, nayo huitoa siku anapopita mkaguzi wa mizani. Ya pili imeinuliwa kitako, nayo ndiyo awapimiayo wateja siku zote zilizosalia. Mtu huyu kosa lake si moja. Amewapunja wanunuzi, amemdanganya mkaguzi, na tena amewadhulumu wauzaji wenziwe wapimao kwa haki, kwani hawawezi kushindana na bei yake.

Leo twataka kuisoma khabari ya pishi mbili, lakini si za mchele wala za mtama. Ni pishi za moshi, na mwenye nazo hakuwa mchuuzi wa gengeni, bali ni kampuni iliyo miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za magari ulimwenguni.

Khabari yenyewe

Tarehe 18 Septemba 2015, Idara ya Kulinda Mazingira ya Marekani iliipelekea kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani hati ya kuituhumu kuwa imevunja sheria ya hewa safi. Magari yaliyotajwa katika hati hiyo yalikuwa ya dizeli, yapata 482,000, ya mifano ya mwaka 2009 hata 2015. Siku chache baadaye kampuni ilitangaza kuwa magari yenye programu hiyo ulimwenguni kote yapata milioni 11.

Na hila ilikuwa hivi. Gari linapopimwa moshi hupandishwa juu ya rola, magurudumu yakazunguka hali gari lenyewe limesimama pale pale. Mwendo hupandishwa na kushushwa kwa mpango uliokwisha kuandikwa, na usukani haugeuzwi. Kompyuta ya gari ilifundishwa kuzitambua alama hizo: usukani uliotulia, mwendo, muda na kanieneo ya hewa. Ikishajua kuwa mkaguzi yupo, iliviamrisha vyombo vya kusafisha moshi vifanye kazi yake yote. Gari likitoka barabarani, vyombo vile vililegezwa, na oksidi za naitrojeni zikatoka hata kufikia mara 40 ya kiwango cha sheria.

Kwa nini wakafanya hivyo? Kwa sababu kuusafisha moshi wa dizeli kuna gharama. Ama hutumika mafuta zaidi, ama dawa maalumu ya kutiwa garini, na vichujio huchakaa upesi. Kampuni ilitaka kuuza gari la bei nafuu, lenye nguvu, lisilokula mafuta mengi, na juu ya hayo ikalitangaza kuwa ni dizeli safi. Mambo haya yote hawakuweza kuyakusanya pamoja kwa haki, basi wakayakusanya kwa hila.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni makosa ya karatasi tu. Gesi hizo huudhi mapafu na kumzidishia mwenye pumu maradhi yake. Zikipigwa na jua pamoja na mivuke mingine huzaa ozoni karibu na ardhi, na huzaa vumbi laini liingialo ndani kabisa ya kifua. Kwa hivyo aliyedhulumiwa si mnunuzi peke yake. Yuko na mtoto apitaye kwa miguu kando ya njia, ambaye hakununua gari wala hakuulizwa.

Nani aliyeifichua hila

Hapa pana funzo kubwa. Hila hii haikufichuliwa na kipimo cha kawaida, kwani kipimo hicho ndicho kilichodanganywa. Ilifichuliwa na watu wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi liliwataka wayapime magari ya dizeli yakiwa njiani. Katika mwaka 2013 walitia vyombo vyao nyuma ya magari matatu wakayaendesha katika barabara za California, na moja likapelekwa hata Seattle. Matokeo yalitolewa Mei 2014. Magari mawili ya Volkswagen yalizidi kiwango, moja kwa mara 15 hata 35, jingine kwa mara 5 hata 20. Na la tatu, la kampuni nyingine, kwa jumla lilikuwa ndani ya kiwango. Basi ikabainika kuwa jambo hilo lawezekana kwa atakaye.

Baraza la Hewa la California likaiuliza kampuni. Ikajibu kwa udhuru baada ya udhuru kwa zaidi ya mwaka. Disemba 2014 ikayarudisha magari gereji kwa madai ya kuyatengeneza. Baraza likayapima tena, likaona ubaya ungalipo. Hatimaye kampuni ikaambiwa kuwa magari ya mwaka 2016 hayatapewa ruhusa ya kuuzwa. Hapo ndipo ilipokiri. Tazameni: ushahidi ulikuwapo tangu zamani, lakini kilichowafungua midomo ni mlango wa soko kukaribia kufungwa.

Hisabu ya watu watatu

Katika kuhisabiana juu ya ghushi, yatupasa kuangalia mambo matatu: mnunuzi amerudishiwa nini, kampuni imelipa nini, na watu waliofanya wamefanywaje.

Ama mnunuzi, Marekani ilimkidhi mapema. Juni 2016 ilipatikana suluhu ya hadi dola bilioni 14.7. Katika hizo, yapata bilioni 10 zilikuwa za kuyanunua magari yale na kuwafidia wenyewe, bilioni 2.7 za kupunguza uchafu wa hewa, na bilioni 2 za kueneza magari yasiyo na moshi. Huko Ujerumani kwenyewe mnunuzi alingoja sana. Ni tarehe 25 Mei 2020 ndipo Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipohukumu kuwa kampuni iliwadhuru wanunuzi kwa kusudi, na kwamba mnunuzi aweza kulirudisha gari akapewa bei yake, baada ya kukatwa thamani ya masafa aliyoliendesha.

Hukumu hii si ngeni kwa aliyesoma milango ya biashara katika fiqhi. Aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana khiyari ya kukirudisha. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, manufaa aliyoyapata kwa kukitumia kabla ya kuijua aibu ni yake wala hayakatwi, kwani lau kitu kile kingaliharibika mkononi mwake, khasara ingalikuwa yake. Tofauti hii si ndogo. Pale ambapo matumizi hukatwa, kadiri kesi inavyochelewa ndivyo mnunuzi anavyozidi kuliendesha gari, na ndivyo deni la muuzaji linavyopungua. Basi mwenye kughushi hupata faida katika kuchelewesha haki.

Ama kampuni, Machi 2017 ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani makosa matatu ya jinai, na kwa jinai na madai ikatozwa dola bilioni 4.3. Juni 2018 waendesha mashtaka wa Braunschweig wakaitoza euro bilioni 1. Ukijumlisha faini, fidia na gharama zote, jambo hili limeigharimu zaidi ya euro bilioni 30.

Ama watu wenyewe, hapo ndipo hisabu ilipokuwa nzito. Marekani mwaka 2017 iliwafunga wawili, mhandisi mmoja miezi 40 na meneja mmoja miaka 7. Martin Winterkorn, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alijiuzulu siku tano baada ya hati ile ya Septemba 2015. Yeye hukana kuwa alijua, na kesi yake iliyoanza Braunschweig Septemba 2024 ilisimama kwa sababu ya afya yake. Rupert Stadler, aliyekuwa mkuu wa Audi, alihukumiwa Juni 2023 kifungo cha nje na faini ya euro milioni 1.1. Na Mei 2025, karibu miaka kumi baada ya khabari kuvuja, mahakama ya Braunschweig iliwatia hatiani mameneja na wahandisi wanne wa zamani, wawili kati yao wakahukumiwa kwenda gerezani.

Shubuha na jibu lake

Huenda mtu akasema: "Kampuni imekwisha kulipa mabilioni, yatosha." Twamjibu kwa khabari ya kale kuliko hii. Mwaka 1998 viwanda saba vya injini za malori vilishitakiwa Marekani kwa hila ya namna hii hii, vikafanya suluhu iliyokisiwa dola bilioni 1. Mmoja wa hao saba alikuwa Cummins. Na Januari 2024 Cummins huyo huyo, ingawa hakukiri kosa, alikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa tuhuma juu ya injini za magari mengine. Faini mwenye mali huweza kuitia katika daftari la gharama pamoja na kodi na mishahara. Kifungo hakiingii katika daftari hilo.

Na mwingine atasema: "Mhandisi aliamrishwa, ana kosa gani?" Twasema kuwa mkono ulioandika hila na ulimi ulioiamrisha vyote vina sehemu. Lakini si haki aliye chini afungwe upesi, na aliye juu apewe muda hata ushahidi ukachakaa na wazee wakaugua. Cheo kinapozidi, hisabu nayo yapasa izidi.

Sisi na jambo hili

Twaweza kudhani kuwa haya ni ya Ulaya na Marekani. La. Magari mengi yateremkayo bandarini Mombasa yamekwisha kutumika kwingine, nayo huruhusiwa yakiwa na umri usiozidi miaka minane. Hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, na ni vizuri. Lakini tumekwisha kuona kuwa ukaguzi unaojulikana siku yake na namna yake hudanganyika. Ulaya ilijifunza hivyo, na tangu Septemba 2017 aina mpya za magari hupimwa moshi zikiwa barabarani.

Wala tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau. Fundi akitoaye kichujio cha moshi akakiuza kwa ajili ya madini yaliyomo, na mwenye lori anayelitengeneza kwa siku ya ukaguzi tu kisha akaliachia moshi mweusi mwaka mzima, hawa nao wana pishi mbili. Tofauti yao na Volkswagen ni ukubwa wa duka.

Basi mambo ya kushika katika darsa hii ni manne. Kipimo kisiwe mkononi mwa muuzaji, wala asijue saa yake. Mkaguzi awe na uwezo wa kufunga mlango wa soko. Aliyeghushiwa arudishiwe haki yake upesi, pasipo kuchelewa kwake kuwa faida ya aliyemghushi. Na hisabu imfikie mtu mwenye jina na cheo, isiishie kwenye mfuko wa kampuni. Likikosekana moja katika haya, ile pishi iliyoinuliwa kitako itarudi sokoni.