Mawe laini ya mtoni: yajue kabla hujayauza

Leo nawapa somo lililonigharimu elfu arobaini.

Hapa Malindi (yetu ya Lushoto, siyo ile ya Kenya) nina duka la kawaida, ila pembeni nauza mawe ya kupambia bustani na vyungu vya maua. Jamaa akaniletea viroba viwili vya mawe meupe, laini kama yai. Akasema ni ya mtoni, magumu, hayaharibiki. Nikamuuzia mama mmoja kwa maneno hayohayo. Yule mama akayasugua na dawa ya choo ili yang'ae. Yakatoa povu, yakawa na mikwaruzo, mng'ao kwisha. Kayarudisha, na mimi nikarudisha hela.

Kosa langu niliona ulaini nikadhani nimelijua jiwe. Ulaini ni kazi ya maji tu. Jiwe la aina yoyote likiviringishwa na kugongana na mengine miaka mingi, kona zinaisha.

Mawe ya tabaka ni mchanga, tope au magamba ya viumbe wa baharini yaliyolundikana yakagandamana. Mojawapo ni mawe ya chokaa, kama ya mapango ya Amboni kule Tanga. Usambara yetu ni miamba mingine, ya kale sana, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi. Ndiyo maana mawe ya mito ya huku mengi ni naisi, yana mistari myeusi na myeupe, au kwatzi, meupe kama kioo cha ukungu.

Kupima ni rahisi. Kwangua kidogo upate unga, dondoshea ndimu au siki. Likitoa povu ni chokaa. Halafu chukua msumari: chokaa inachorika, kwatzi haichoriki, tena yenyewe inachora chupa. Jiwe la mchanga ukilisugua na lenzake linadondosha chembe. La tope ni jororo, likilowa linanuka udongo.

Mteja akitaka ya kutengenezea mafiga, mkatalie. Jiwe lililonyonya maji likipata moto linaweza kupasuka vipande vikamrukia usoni.

Na usijichimbie mwenyewe kingoni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni.

Viroba vilivyobaki nimeshusha bei, nikabandika karatasi: CHOKAA, USIOSHE NA DAWA YA CHOO. Yule mama karudi juzi, kachukua naisi.