SOMO LA UFUNDI: KUFUFUA PLASTIKI ZILIZOPAUKA ZA GARI KUUKUU



Gari la tawi letu ni Peugeot 504 ya safu tatu za viti. Ni kuukuu, lakini ndilo linalobeba wajumbe kwenda mkutanoni, na ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali usiku pale tunapoambiwa kwamba gari la shamba halina mafuta. Usiku mmoja wa mvua lilikuwa likirudi kambini, na lori la majani ya chai likawa linakuja nyuma yake. Lori lilisimama likiwa limebakiza hatua chache tu kuligonga. Dereva wake alishuka akitetemeka, akasema: "Ndugu zangu, sikuona taa."

Taa zilikuwa zinawaka. Kesho yake tulizitazama mchana tukaona kasoro. Vioo vya taa za nyuma, ambavyo twaviita vioo ingawa ni plastiki, vilikuwa vimepauka na kufunikwa na ukungu mweupe. Mwanga ulikuwa unafia mle mle ndani.

Kwa hiyo somo hili si la urembo. Tutajifunza kwa nini plastiki hupauka, jinsi ya kuifufua kwa gharama ndogo, na jinsi ya kufanya kazi hiyo bila kuharibu gari wala afya zetu.

1. Gari lenyewe

Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968. Wazee wanaikumbuka kwa kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, na tena mwaka 1978. Iliunganishwa Kenya na Nigeria, ikawa teksi na gari la abiria katika nchi nyingi za Afrika. Chache zilizobaki bado zinatembea kwa sababu mafundi wetu wanazijua hadi skrubu ya mwisho. Lakini fundi wa injini mara nyingi hajali plastiki, na spea za plastiki za gari la zamani ni adimu. Kioo kikivunjika leo, huenda usipate kingine. Tunza ulicho nacho.

2. Kwa nini plastiki hupauka

Adui wa kwanza ni jua. Ndani ya mwanga wa jua mna mionzi isiyoonekana kwa macho, ile ile inayopausha nguo kwenye kamba. Mionzi hiyo hukatakata minyororo midogo ambayo ndiyo mwili wa plastiki. Hewa nayo huingia mahali palipokatika na kumalizia kazi. Uso wa plastiki hugeuka kuwa kama chokaa. Pitisha kidole, utaona unga.

Adui wa pili ni joto. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, dashibodi yake yaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Ngozi laini ya dashibodi imechanganywa na mafuta maalumu ya kuilainisha. Joto huyatoa mafuta hayo kidogo kidogo. Ule utando wa mafuta unaouona ndani ya kioo cha mbele, sehemu yake hutoka huko. Mafuta yakiisha, dashibodi hukakamaa na kupasuka.

Plastiki nyeusi huhimili zaidi kwa sababu imetiwa masizi, na masizi huinyonya mionzi kabla haijafika ndani. Lakini hata nyeusi haidumu milele.

3. Itambue plastiki kabla ya kuigusa

Plastiki si moja. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Kwenye gari la zamani tutakuta hasa aina hizi:

(a) Polipropilini. Ilipatikana Italia mwaka 1954 kwa kazi ya Giulio Natta, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler. Ukiishika huteleza kama nta. Bampa nyeusi zisizopakwa rangi za magari ya miaka ya 1980 nyingi zina plastiki hii. (Bampa za 504 ni za chuma.)

(b) ABS. Ni ngumu na hulia ukiigonga. Hutumika kwa grili na mapambo ya ndani.

(c) Akriliki. Hupitisha mwanga. Ndiyo ya vioo vya taa za nyuma na za indiketa.

(d) Vinili laini. Ni ngozi ya dashibodi na ya viti.

Njia rahisi ya kupambanua ni hii. Kwangua kipande kidogo kama ukucha upande wa ndani usioonekana. Kitie katika glasi ya maji yenye tone la sabuni. Polipropilini huelea. ABS na akriliki huzama.

Taa kubwa za mbele za 504 ni kioo halisi. Zikiwa hafifu, usipoteze nguvu kuzisugua kwa nje. Angalia kama sahani ya ndani inayorudisha mwanga imeshika kutu.

4. Kuosha

Kuosha vizuri ni nusu ya kazi. Tumia maji mengi, sabuni ya kawaida ya vyombo, mswaki wa zamani na kitambaa cha pamba. Mwaga maji kwanza ili mchanga utoke. Ukianza kusugua kukiwa na mchanga, umeupaka msasa bila kujua. Suuza, kausha kivulini.

Usitumie petroli, tina, wala spiriti kwenye akriliki na ABS. Mwanzoni plastiki itang'aa na utafurahi. Baadaye nyufa nyembamba kama nywele zitajitokeza, nazo hazina dawa.

5. Kufufua vioo vya taa za nyuma

Hapa ndipo uhai wa abiria ulipo. Twende polepole.

Kwanza, fungua skrubu, toa kioo na kukiosha pande zote mbili. Usilazimishe, maana akriliki ya zamani huvunjika kama biskuti.

Pili, tazama kama kuna nyufa zilizopenya. Kama zipo, msasa hautasaidia.

Tatu, loweka msasa wa maji namba 1000. Sugua uso wa nje kwa mkono mwepesi, ukielekea upande mmoja, maji yakitiririka muda wote. Ukisugua pakavu, plastiki itapata joto na kuburuzika. Maji ya maziwa yatatoka: huo ndio uso uliokufa. Kioo kitaonekana kibaya zaidi kuliko mwanzo. Usiogope.

Nne, rudia kwa namba 1500, ukivuka mikwaruzo ya mwanzo. Kisha namba 2000. Usihamie namba nyingine kabla mikwaruzo ya nyuma haijaisha.

Tano, ng'arisha kwa kitambaa laini na dawa nyeupe ya meno, au dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Zungusha mkono hadi mwanga upite. Suuza, kausha, paka nta ya gari. Rudia nta kila baada ya miezi michache.

Sita, kabla ya kufunga, futa sahani ya ndani kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mng'ao wake hubanduka upesi. Safisha kutu kwenye soketi na kwenye waya wa kwenda bodi. Kwa kawaida balbu ya taa ya nyuma ni wati 5 na ya breki ni wati 21. Ukizibadilisha nafasi, anayekufuata hatajua kama umefunga breki.

Mwisho, jioni, mwenzako akanyage breki nawe usimame hatua hamsini nyuma. Huo ndio mtihani.

Tahadhari: kama wekundu wenyewe umekwisha na kioo kimekuwa cha waridi, kusugua hakurudishi rangi. Tafuteni kingine. Kupaka rangi ya kucha ni kujidanganya, kwa kuwa huzuia mwanga tuliokuwa tunautafuta.

6. Plastiki nyeusi za nje

Wengi hupaka rangi ya viatu, dizeli au oili chafu. Gari hupendeza siku ya harusi, mvua ya kwanza huosha, na nguo za abiria huchafuka. Oili na dizeli pia hula mipira na kukusanya vumbi.

Wengine hupuliza joto juu ya plastiki. Weusi hurudi kweli, kwa kuwa uso uliokufa umeyeyushwa. Lakini haudumu, na sekunde moja ya ziada huipinda bampa.

Njia iliyo bora kwetu ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo maseremala wanayajua. Paka kidogo sana juu ya plastiki iliyokauka, ngoja robo saa, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima. Mafuta haya hukauka yakawa utando, hayabaki majimaji.

HATARI! Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa yakivingirishwa na kutupwa kona moja, huweza kuwaka moto vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Plastiki yenye chembechembe usiipige msasa, maana chembe zikiisha hazirudi. Kama unataka kupaka rangi, ABS hukubali baada ya kukwaruzwa kidogo. Polipropilini huikataa rangi, hubanduka kama ganda, isipokuwa kwanza ipakwe praima yake maalumu.

7. Dashibodi

Osha kwa kitambaa kilichokamuliwa. Usipake mafuta ya kung'aa, kwani huakisi jua machoni mwa dereva. Ukiegesha juani, tandika kitambaa juu yake na acha vioo wazi kidogo. Kivuli ndicho dawa ya bei nafuu kuliko zote.

8. Afya kwanza

Kuna wenzetu wanaoamriwa kuosha magari ya kazini kwa petroli, mikono mitupu. Petroli ina benzini, ambayo hudhuru damu. Anayeagiza kazi hiyo ana wajibu wa kutoa sabuni na glovu, nasi tuna haki ya kuvidai kupitia kamati.

Jambo la pili ni vumbi jeusi la breki. Breki za magari ya miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta kansa ya mapafu. Ufaransa, nchi ya gari hili, iliipiga marufuku mwaka 1997. Unaposafisha karibu na magurudumu usipulize kwa pampu wala usifagie pakavu. Lowesha, futa, funga kitambaa katika mfuko. Leso puani haizuii nyuzi zake.

Gari letu sasa linaonekana. Kazi ilichukua Jumapili moja, watu wanne na karatasi tatu za msasa. Mtu asiyejua hulipa mara mbili: fedha yake, kisha afya yake. Anayejua na amfundishe mwenzake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini plastiki nyeusi hudumu kuliko ya rangi nyingine?
2. Utapambanuaje polipropilini na ABS?
3. Vitambaa vyenye mafuta katika karakana yenu hutupwa wapi? Nani anawajibika?
4. Kagueni taa za nyuma za kila gari linalobeba wafanyakazi kwenu. Yapi hayaonekani kwa hatua hamsini? Yaandikeni na kuyapeleka kwenye kamati.